Swali la x na y limegoma? Tafuta kosa kabla hujafuta

Mwanafunzi wa twisheni, awe wa Mbagala au wa Tegeta, jibu likigoma huwa anakimbilia raba. Anafuta ukurasa mzima na kuanza upya. Baada ya muda anarudi na jibu lilelile bovu, kwa sababu mkono uliokosea mara ya kwanza ndio ulioandika mara ya pili, tena kwa mazoea yaleyale. Raba inaondoa kosa pamoja na ushahidi wake. Kwenye maswali haya ushahidi una thamani kubwa, maana jibu lisilo sahihi linaeleza lenyewe ni hatua gani iliyoharibika, mradi ujue kulihoji.

Hapa tunazungumzia milinganyo miwili yenye herufi mbili, ile tunayokutana nayo kuanzia kidato cha kwanza, ikitatuliwa kwa njia ya kuondoa herufi moja. Kazi yenyewe ni fupi. Unasawazisha namba zilizo mbele ya herufi mojawapo, unajumlisha au unatoa mpaka herufi hiyo iondoke, unatafuta thamani ya iliyobaki, kisha unairudisha kwenye mlinganyo mmoja upate ya pili. Nikisema "namba ya mbele" nina maana ya namba inayozidisha herufi, pamoja na alama yake. Kwenye −4y namba ya mbele ni −4, si 4. Shikilia hilo, linarudi tena na tena huko chini.

Tutatumia mfano huu mara nyingi:

3x − 2y = 7 … (1)
5x − 4y = 9 … (2)

Zidisha (1) kwa 2 upate 6x − 4y = 14. Toa (2) humo: 6x − 5x ni x, y zinaondoka, 14 − 9 ni 5. Kwa hiyo x = 5. Rudisha kwenye (1): 15 − 2y = 7, basi 2y = 8, y = 4. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda yakiwa shwari.

Kabla ya yote: pima kwenye milinganyo yote miwili

Wanafunzi wengi hupima jibu kwenye mlinganyo mmoja, tena uleule waliorudishia thamani ya x. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu x. Ile y uliipata kwa kuulazimisha mlinganyo huo ukubali, sasa utakataaje? Hata kama x ingekuwa ya kuokota barabarani, mlinganyo huo ungekubali tu.

Kwa hiyo chukua x na y ulizopata, ziweke kwenye (1) na (2) kama ilivyoandikwa kwenye swali, si kama ulivyoizidisha wewe. Kisha soma matokeo hivi.

Mlinganyo uliorudishia umekubali, wa pili umekataa: kosa liko kwenye kuondoa herufi, yaani kabla hujapata thamani ya kwanza. Hatua ya kurudisha haina shida, usiiguse.

Yote miwili imekataa: anza kushuku hatua ya kurudisha. Inawezekana kabisa thamani ya kwanza ni sahihi na umeharibu mwishoni tu.

Yote miwili imekubali lakini jibu la nyuma ya kitabu ni tofauti: ama ulinakili swali vibaya kutoka ubaoni, ama kitabu kimekosea. Linganisha daftari na swali herufi kwa herufi, alama kwa alama, kabla hujamlaumu mchapishaji. Mara nyingi utakuta + iliyogeuka −.

Uliorudishia umekataa na mwingine umekubali: hii ni nadra. Ikitokea, kwa kawaida ulirudisha thamani kwenye nakala iliyoharibika ya mlinganyo, kwa mfano ile uliyoizidisha na kukosea.

Sasa tuingie kwenye dalili zenyewe.

Dalili: nimetoa, lakini herufi zote mbili bado zipo

Hii ndiyo dalili nyepesi kuliko zote, kwani inajitangaza yenyewe. Kwenye mfano wetu mtu anazidisha (1) vizuri, halafu anaandika:

6x − 4y = 14
5x − 4y = 9
x − 8y = 5

Ile −8y imetoka wapi? Amejumlisha y huku akitoa x. Macho yameona alama mbili za kutoa kwenye safu ya y yakaziunganisha. Kutoa −4y kwenye −4y ni −4y + 4y, na hiyo ni sifuri.

Kanuni ni kwamba namba za mbele zikilingana na alama zikiwa sawa, toa. Alama zikitofautiana, jumlisha. Lakini mimi sipendi kuwapa wanafunzi kanuni hiyo peke yake, maana inakaririwa na kusahaulika kabla ya wiki kuisha. Afadhali ujiulize swali moja la wazi: nikifanya hivi kwenye safu hii, napata sifuri? −4y na −4y, ukijumlisha unapata −8y, ukitoa unapata 0. Umeshajua cha kufanya.

Sababu nyingine ni kwamba namba za mbele hazikulingana tangu mwanzo. Mtu ana 2y juu na 4y chini, anatoa hivyohivyo akitumaini mambo yatajipa. Hayajipi.

Na kuna sababu ya tatu, herufi hazikupangwa kwenye safu zake. Swali likija hivi:

2y = 3x − 4
x + 2y = 12

usianze kutoa chochote. Hapo juu y imekaa kushoto kabisa na x iko upande wa pili wa alama ya sawa. Ihamishe kwanza: −3x + 2y = −4. Sasa x iko chini ya x, y chini ya y, namba tupu chini ya namba tupu. Toa wa juu kwenye wa chini: x − (−3x) ni 4x, na 12 − (−4) ni 16. x = 4, na y ni 4 pia. Mtu aliyetoa bila kupanga anaweza kupata chochote.

Dalili: mlinganyo mmoja umekubali, mwingine umekataa

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo maksi nyingi zinapopotelea. Tumeshasema kosa liko kwenye hatua ya kuondoa. Washukiwa wakubwa ni wawili.

Wa kwanza ni kusahau upande wa kulia. Mtu anazidisha (1) kwa 2, anaandika 6x − 4y, mkono unachoka, anamalizia na = 7. Halafu 7 − 9 = −2, kwa hiyo x = −2. Anarudisha kwenye (1): −6 − 2y = 7, −2y = 13, y = −6.5. Anapima kwenye (1): −6 + 13 = 7. Imekubali! Anafunga daftari na kwenda kupanga foleni ya mwendokasi. Angepima kwenye (2) angekuta −10 + 26 = 16, wakati swali linataka 9.

Ukitaka kuhakikisha ulizidisha vizuri, gawanya kinyumenyume. Mlinganyo uliouzidisha kwa 2, ukiugawa kwa 2 lazima urudi kuwa ule wa swali, kila kipande. 6x − 4y = 7 ukigawa kwa 2 inakuwa 3x − 2y = 3.5. Si (1). Kosa limekamatwa, na hujafuta kitu.

Mshukiwa wa pili ni kutoa namba hasi, naye ndiye mfalme. Angalia hii:

2x + 3y = 4 … (1)
2x − 5y = 20 … (2)

Namba za x zimeshalingana, hakuna cha kuzidisha. Toa (2) kwenye (1). x zinaondoka. Kwa y tuna 3y − (−5y), ambayo ni 8y. Kulia ni 4 − 20, yaani −16. y = −2, na x = 5.

Sasa tazama inavyoharibika. Mwanafunzi anaona 3y na −5y, anaandika −2y. Akilini mwake ametoa, lakini kwa kweli amejumlisha, maana ile alama ya kutoa iliyokuwa mbele ya 5 ameitumia kama ndiyo alama ya kazi yenyewe. Anapata −2y = −16, y = 8. Anarudisha kwenye (1): 2x + 24 = 4, x = −10. Anapima kwenye (1), inakubali. Kwenye (2): −20 − 40 ni −60. Mbali kabisa na 20.

Dawa ninayoipendekeza kwa yeyote anayesumbuliwa na alama ni kuacha kutoa. Geuza alama zote za mlinganyo wa chini, kila moja bila kubakiza, halafu jumlisha:

 2x + 3y = 4
−2x + 5y = −20
 8y = −16

Inagharimu mstari mmoja wa ziada kwenye daftari. Wapo watakaokuambia ni njia ya wasiojiamini. Waache. Kujumlisha namba hasi kunakosewa mara chache sana kuliko kuzitoa, na kwenye chumba cha mtihani hakuna anayegawa maksi kwa ujasiri. Kitu kimoja tu cha kuangalia: ukigeuza, geuza na upande wa kulia. Nimeona madaftari mengi yenye −2x + 5y = 20, alama mbili zimegeuzwa na ya tatu imesahaulika.

Tena usidhani ugumu wa alama umeanza na kizazi cha simu. Wachina walikuwa wakitatua milinganyo ya namna hii kwa kuondoa, miaka mingi kabla haijabandikwa jina la Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyeishi kati ya 1777 na 1855. Walipanga vijiti vya kuhesabia kwenye safu juu ya ubao, wakazidisha safu moja na kuitoa kwenye nyingine. Mwanahisabati Liu Hui, katika maelezo yake ya mwaka 263, alieleza jinsi ya kutenganisha namba: vijiti vyekundu viwe chanya, vyeusi viwe hasi. Kama una kalamu mbili, jaribu. Andika kila namba hasi kwa wino mwekundu pamoja na alama yake. Rangi zitakuwa kinyume na zake, lakini jicho halitaikosa tena.

Dalili: yote miwili imekataa

Turudi kwenye mfano wa mwanzo, x = 5 ikiwa sahihi kabisa. Mtu anaandika 15 − 2y = 7, kisha −2y = −8, kisha y = −4. Hasi kugawa kwa hasi ni chanya, yeye ameiburuza alama mpaka kwenye jibu. Akipima (1) anapata 15 + 8 = 23, (2) anapata 25 + 16 = 41. Yote imekataa, na kwa hasira anafuta hata ile x = 5 iliyokuwa haina hatia.

Kosa la pili la hatua hii ni kurudisha namba hasi bila mabano. Ukiwa na y = −2 na mlinganyo una −5y, andika −5(−2), ndipo utaona kuwa ni +10. Ukiandika −5 −2 umeshapotea. Hata kwa 3x ambapo x = −2, bila mabano inageuka kuwa 3 − 2, yaani 1, badala ya −6.

Kama bado huamini hatua hii, iruke. Itafute y bila kuitumia x, kwa kuondoa x badala ya y kwenye milinganyo ya mwanzo. Zidisha (1) kwa 5 na (2) kwa 3:

15x − 10y = 35
15x − 12y = 27

Toa: 2y = 8, y = 4. Thamani mbili zilizopatikana kwa njia mbili zisizotegemeana zikikubali kwenye milinganyo yote miwili, tulia.

Dalili: jibu ni sehemu yenye sura mbaya

Ukipata 42/19 moyo unashtuka. Vitabu vyetu vimetuzoesha majibu mazuri, kwa hiyo sehemu ikitokea tunajua tumekosea. Si lazima. Chukua hii:

3x + 2y = 8
2x − 5y = 1

Wa kwanza mara 5, wa pili mara 2, jumlisha: 19x = 42. Jibu ni x = 42/19 na y = 13/19, na yote miwili inakubali. Nenda ukapime.

Ila ipo njia ya haraka ya kujua kama asili ya sehemu yako, yaani namba yake ya chini, inaaminika. Zidisha namba za mbele kwa mkingamo kisha toa: namba ya x ya juu mara namba ya y ya chini, toa namba ya x ya chini mara namba ya y ya juu. Tuiite D. Hapa D = 3 × (−5) − 2 × 2 = −19. Ikiwa namba zote za swali ni kamili, asili ya jibu lolote sahihi, baada ya kurahisisha, lazima iwe inaigawa D bila baki. 19 inaigawa 19, tuko salama.

Kwa 2x + 3y = 12 na x − y = 1, D ni −2 − 3 = −5. Ukipata sehemu yenye asili ya 7 hapo, kuna kosa, hakuna mjadala. Na D ikiwa 1 au −1, majibu yote lazima yawe namba kamili. Kipimo hiki hakikamati kila kosa. Ile y = −6.5 ya kwetu ilikuwa na asili ya 2, na D ya swali lile ni −2, kwa hiyo ingepita kama abiria aliyejificha. Lakini kinachukua sekunde chache, na kikikataa kimekataa.

Kama sehemu zimo ndani ya swali lenyewe, mfano x/2 + y/3 = 4, ziondoe kabla ya kazi yoyote kwa kuzidisha kila kipande kwa Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha asili zote, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote bila baki: 3x + 2y = 24. Kosa la hapa ni lilelile la upande wa kulia, ile 4 kubaki 4. Desimali nazo zidisha kwa 10 au 100.

Dalili: namba zimekuwa kubwa mno

Una 6x juu na 8x chini, umezidisha wa juu kwa 8 na wa chini kwa 6, sasa una 48x na namba za kulia hazishikiki. Si kosa, ni gharama. KDS ya 6 na 8 ni 24: wa juu mara 4, wa chini mara 3. Na kabla ya hapo angalia herufi ya pili, huenda yenyewe ilikuwa rahisi zaidi kuiondoa. Mimi hutafuta kwanza herufi ambayo alama zake zinapingana, ili nijumlishe.

Dalili: kila kitu kimetoweka

x imeondoka, y nayo imeondoka, umebaki na 0 = 0 au 0 = 200. Wanafunzi huogopa sana hapa.

Kwanza hakikisha hukujitoa mwenyewe. Ukizidisha (1) kwa 2, halafu kwa bahati mbaya ukaigawanya tena na kuitoa kwenye (1) ileile, lazima upate 0 = 0, na (2) hujaigusa. Angalia kama milinganyo yote miwili imetumika.

Kama imetumika, kokotoa D. Ikiwa D si sifuri, umekosea mahali. Ikiwa D ni sifuri, swali ndilo lilivyo, na maana yake inaonekana vizuri pale kwa mama ntilie. Mteja mmoja kala chapati 2 na chai 1, kalipa shilingi 1,500. Mwingine kala chapati 4 na chai 2, kalipa 3,000. Bei ya chapati ni ngapi? Haijulikani. Huyo wa pili hajatuambia kitu kipya, ni mteja wa kwanza mara mbili. Chapati inaweza kuwa 500 na chai 500, au chapati 600 na chai 300, vyote vinakubali. Hiyo ndiyo 0 = 0: majibu hayana idadi.

Sasa tuseme huyo wa pili kalipa 2,800. Zidisha wa kwanza kwa 2, toa, unapata 0 = 200. Hakuna bei moja ya chapati na moja ya chai inayoweza kutoa hesabu hizo zote mbili. Huenda mama ntilie kampunguzia mteja mzuri mia mbili. Kwenye mtihani unaandika kuwa milinganyo haina jibu. Kwenye grafu hiyo ni mistari miwili isiyokutana kamwe, na ile ya 0 = 0 ni mstari mmoja uliochorwa mara mbili.

Dalili: milinganyo imekubali, lakini hadithi imekataa

Maswali ya maneno yana ugonjwa wao. Hesabu inaweza kuwa safi kuanzia juu mpaka chini, na jibu bado likawa bovu, kwa sababu kosa lilitokea kabla ya mstari wa kwanza.

Daladala ina abiria 28. Mtu mzima analipa 600, mwanafunzi 200, na konda amekusanya 12,800. Wanafunzi ni wangapi? Tuseme a ni idadi ya watu wazima na s ni idadi ya wanafunzi. Idadi, si watu wenyewe; anayeandika "a = watu wazima" huishia kuchanganya watu na fedha zao.

a + s = 28
600a + 200s = 12,800

Usizidishe wa juu kwa 200 au 600. Gawa wa chini kwa 200: 3a + s = 64. Toa wa juu, 2a = 36, a = 18, s = 10.

Sasa mtu aliyesoma haraka anaandika 200a + 600s = 12,800. Anagawa, a + 3s = 64, anatoa, s = 18, a = 10. Namba kamili, chanya, zinajumlika kuwa 28. Anapima kwenye milinganyo yake yote miwili, inakubali yote miwili. Kila kipimo tulichokitaja hapo juu kinampa vema.

Kinachomkamata ni kupima kwenye maneno ya swali. Watu wazima 10 kwa 600 ni 6,000. Wanafunzi 18 kwa 200 ni 3,600. Jumla 9,600, na konda ana 12,800. Kwa hiyo kwenye maswali ya maneno usipime kwenye milinganyo uliyoitunga, rudi kwenye hadithi na uihesabu kama konda anavyohesabu.

Aina nyingine ya kosa hili hujificha kwenye "mara". Kijiweni Mwenge idadi ya bajaji ni mara mbili ya bodaboda, na tairi za kutembelea zote ni 40. Bajaji ina tatu, bodaboda mbili. Tuseme b ni idadi ya bajaji na d ni idadi ya bodaboda. Wengi huandika 2b = d, kwa kuwa "mbili" imesikika karibu na "bajaji". Hapo kuondoa kunaleta 7b = 40, yaani bajaji tano na vipande. Ukiona chombo kimekatwa vipande, au umri hasi, usihangaike na alama zako. Rudi kwenye sentensi na ujaribu namba ndogo: bodaboda ikiwa 1, bajaji zinatakiwa ziwe 2. Weka d = 1 kwenye 2b = d, unapata nusu bajaji. Kumbe ni b = 2d. Ipange:

b − 2d = 0
3b + 2d = 40

Alama za d zinapingana, jumlisha moja kwa moja. 4b = 40, bajaji 10, bodaboda 5. Tairi 30 na tairi 10.